Tuba ya F katika Nyumba za Kiwanda

Juzi fundi bomba alikuja kubadilisha koki ya shaba iliyokuwa inavuja uani kwangu. Aliifungua ile kuukuu, akanipa niishike wakati anatafuta mpya kwenye mkoba wake. Alipoondoka nilinawa mikono kwa sabuni, kisha nikajikuta nanusa viganja. Harufu ilikuwa bado ipo, ile harufu chachu na baridi ambayo shaba huiacha mwilini na haitoki upesi. Nikakaa kwenye ngazi ya jikoni na kuendelea kunusa kama mtu aliyepungukiwa akili, mpaka maharage yaliyokuwa jikoni yakaungua.

Hiyo ilikuwa harufu ya baba yangu. Baba za wenzangu walinuka samaki, au tumbaku, au mafuta ya mitambo. Baba yangu alinuka shaba, kwa sababu alikuwa mpiga tuba. Leo nalitamka neno hilo bila shida, lakini nilipokuwa mtoto Musoma halikuwa neno jepesi. Siku ya kuandikishwa shule, mwalimu aliuliza kazi ya baba, nikasema anapiga tuba. Mwalimu akaniangalia, akafikiri kidogo, akaandika kwenye daftari lake kubwa: fundi wa tupa. Niliondoka nikijua kwamba kazi ya baba haina jina.

Alizaliwa Kiriba, kwenye nyumba ya wavuvi. Kanisani kwao kulikuwa na tarumbeta chache zilizoachwa na wamisionari, na kwa kuwa alikuwa na kifua kipana walimpa ile kubwa kuliko zote. Akawa hodari, hodari kiasi kwamba watu wa utamaduni waliopita kutafuta vijana wenye vipaji waliandika jina lake. Wakati ule serikali ilipeleka vijana nje kusomea mengi. Wengine walikwenda kwa uhandisi, wengine kwa udaktari, wengine ushirika. Baba alipelekwa Ujerumani ya Mashariki kusomea tuba ya okestra, akakaa huko miaka mitano. Nadhani aliyeandika lile jina aliamini kwa moyo wake wote kwamba kijana huyu atakaporudi, nchi itakuwa na okestra yake. Aliporudi, nchi ilikuwa na foleni za sabuni.

Kazi aliyopata ilikuwa katika kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba, hapo hapo Musoma. Kwenye makaratasi aliandikwa msaidizi wa stoo, lakini kilichomfanya aajiriwe ni bendi. Mashirika mengi yalikuwa na bendi siku zile, na meneja alitaka ya kwake ipendeze. Tukapewa vyumba viwili kwenye nyumba za kiwanda, zile za mstari mmoja, ambako hewa ilinuka mashudu, yale makapi ya mbegu za pamba, mwaka mzima. Mama, ambaye alikuwa binti wa wakulima wa Buswahili, alilima mchicha nyuma ya nyumba na kuanika furu, samaki wadogo wa ziwani, kwenye bati. Na kwenye kona ya chumba cha mbele, juu ya mkeka wake yenyewe, ilikaa tuba.

Haikuwa kama zile kubwa ambazo watu huvaa begani kwenye maandamano. Ilikuwa ndogo kidogo, imekaa kama mtu aliyekunja miguu, ikiwa na vitufe sita. Alipewa na mwalimu wake wa kule, mtu aliyeitwa Helmut, ambaye aliipiga yeye mwenyewe katika okestra kwa miaka mingi. Siku baba alipomaliza masomo, Mwalimu Helmut alimwambia kwamba mpiga tuba asiye na chombo ni mtu wa kawaida tu, akamkabidhi. Hawakuandikiana chochote. Walishikana mikono, basi.

Vile vitufe sita vilivuta nyuzi nyembamba zilizozungusha vali, vizibo vya ndani vinavyogeuza njia ya hewa, na nyuzi zile hazikupatikana Tanzania nzima. Baba alizibadilisha kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, aliotumiwa na ndugu zake wa Kiriba. Mafuta ya kulainishia vali hayakuwapo, akatumia mafuta ya taa aliyoyachuja kwa kitambaa. Dawa ya kung'arishia haikuwapo, tukasugua kwa majivu na ndimu. Hiyo ya kusugua ilikuwa kazi yangu na yeye kila Jumamosi asubuhi, yeye juu ya mdomo mpana wa tuba, mimi kwenye mabomba ya chini ambako vidole vyake vinene havikufika.

Nilipokuwa darasa la tatu nilipata F ya hesabu. Mwalimu aliiandika kwa kalamu nyekundu, kubwa, imelala upande. Wiki hiyo hiyo akaja mgeni nyumbani, mtu wa bendi ya jeshi aliyekuwa likizo, akamuuliza baba anapiga tuba ipi. Baba akajibu, na sauti yake ilikuwa na majivuno ambayo sikuwahi kuyasikia, "Mimi ni wa F."

Sikula siku hiyo. Nilidhani nimegundua siri ya nyumba yetu. Ndiyo maana tuko hapa, niliwaza, ndiyo maana mwalimu hakujua aandike nini. Baba alikwenda Ulaya akafeli, na Wazungu wakampa ile tuba ya waliofeli aje nayo. Nilikaa na jambo hilo siku tatu, kisha Jumamosi, mikono ikiwa imejaa majivu, nikamuuliza.

"Baba, kule Ulaya ulipata F ngapi?"

"F za nini?"

"Ulimwambia mgeni wewe ni wa F."

Aliweka kitambaa chini. Nilitegemea acheke, hakucheka. Alinifuta mikono kwanza, kidole kimoja kimoja.

"Kwenye daftari la kwaya," akasema, "si unaonaga wameandika juu pale, doh ni F?"

"Naona."

"Ni hiyo hiyo. Ukiipuliza hii bila kubonyeza kitu, sauti inayotoka ni F. Hakuna aliyefeli."

Kisha akanieleza, na alinieleza kama mtu mzima mwenzake. Alisema tuba ya kwanza kabisa duniani ilikuwa ya F. Ilitengenezwa Berlin kwa ajili ya bendi za jeshi, na zile kubwa ninazoziona barabarani zilikuja nyuma yake. Alisema Waingereza walikuwa na F zao ndogo katika okestra, baadaye wakaziacha wakachukua za E flati. Wamarekani wao hupiga za C. Lakini kwa Wajerumani na Waaustria mpiga tuba wa kazi huwa na F kama mkono wake wa kulia, na ile kubwa huitoa tu pale noti zinapoteremka chini sana.

"Kwa nini wanaipenda?" nikauliza.

"Inaimba," akasema. "Ile kubwa inabeba wenzake. Hii inabeba, halafu inaimba pia."

Nilifurahi mno. Jumatatu nililitangazia darasa zima kwamba baba yangu ana F na F yake ni ya kwanza duniani. Walinicheka mpaka kengele ya kuingia.

Kitu kimoja ambacho majirani hawakukielewa, na mimi sikukielewa kwa muda mrefu, ni mazoezi yake. Alipotoka kazini alikaa uani kwenye kigoda, tuba juu ya mapaja, karatasi za noti zimebanwa kwa mawe juu ya kiti. Halafu hakupiga. Alikaa kimya dakika tano, kumi, midomo ikicheza, vidole vya mkono wa kushoto vikikunjwa kimoja kimoja na kukunjuliwa. Ghafla alivuta pumzi, akainua tuba, akapiga noti tatu au nne nene na laini, akaishusha, na kurudi kwenye kimya chake. Wanawake waliokuwa bombani walitazamana. Walisema Baba Nyangeta anasikiaga vitu, kwamba Ulaya ilimharibu. Mimi niliamini anasali, na kwamba zile noti chache ndizo amina.

Nilipomuuliza alinivutia kigoda kingine.

"Wenzangu wanapiga," alisema. "Vinanda vya nyuzi wako hapa kushoto. Filimbi wako pale, karibu na mchicha wa mama yako. Mimi nasubiri zamu yangu. Kwenye okestra tuba hapigi sana, anahesabu."

"Ukikosea kuhesabu?"

"Naingia pasipo pangu, na watu wote ukumbini wanasikia."

Kuanzia hapo nilikaa naye. Alinifundisha kuhesabu vipande, moja mbili tatu nne, mbili mbili tatu nne, tatu mbili tatu nne, mpaka sitini na kitu. Nilipojua kuhesabu vizuri alifumba macho na kuniachia mimi nimguse goti wakati wake ukifika. Okestra niliiona kama mji, mji mkubwa kupita Mwanza, ambako baba aliwahi kukaa na atarudi siku moja, na mimi nitakuwa nimeshika ncha ya koti lake. Sijawahi tena kukaa na mtu yeyote kimya namna ile bila kuogopa.

Bendi ya kiwanda yenyewe haikumpenda. Nililijua hilo siku tuliyokwenda Butiama kwenye sherehe ya kupokea wageni wa kitaifa. Kiwanda kilitoa lori, na mtu wa usafiri akasema chochote kitakachopanda lori lake lazima kiwe na namba ya kiwanda, asije akaulizwa njiani. Akapita na kopo la rangi nyeupe akipaka namba kwenye ngoma, tarumbeta, viti. Alipofika kwenye tuba ya baba alisita.

"Hii ni yangu binafsi," baba alisema.

"Najua, mzee. Lakini geti watanisumbua."

Baba alitazama watu waliokuwa wanangoja juu ya lori, juani. "Paka," akasema. "Ndogo, kwa chini." Ikawa namba kumi na saba.

Kule Butiama bendi ilipiga uwanjani, kwenye upepo na watu wengi, na tuba ya F haikusikika. Si chombo cha uwanjani. Mkuu wa bendi alikuja mbele ya watu wote, mimi nikiwa nimesimama na wake wa wanabendi pembeni, akamwambia kwa sauti, "Weka hicho kikopo chini, kamata ngoma." Baba aliiweka tuba chini kwenye majani kwa uangalifu, akavaa mkanda wa ngoma kubwa, na mchana kutwa akapiga dum, dum, dum, uso wake ukiwa mtulivu kabisa. Mwaka ule wote alibaki kwenye ngoma. Nyumbani aliendelea kuhesabu.

Kisha pamba ikaacha kuja. Sijui niielezeje kwa namna nyingine, maana mtoto aliona hivyo tu. Kwanza malori yaliyokuwa yanapanga foleni getini yakawa matatu, halafu moja, halafu hayakuja. Wakati huo huo madukani vitu vilirudi, sabuni za kila rangi, sukari, nguo za mitumba zikauzwa chini sokoni kwa mafungu, na watu wazima walisema sasa ni ruksa. Mimi nilidhani ruksa ni jina la mtu aliyeleta sabuni na kuchukua pamba. Harufu ya mashudu ikapungua mpaka siku moja nikaamka nikasikia harufu ya ziwa tu. Mama alisimama mlangoni akivuta pumzi. "Wametuzimia kiwanda," akasema.

Walitangaza kwamba kiwanda kitapata mwenyewe mpya. Wafanyakazi waliambiwa wakae nyumbani wasubiri kuitwa. Baba alisubiri mwezi, akasubiri wa pili, kisha akasikia kwamba kuna kanisa Bunda linataka kuanzisha kundi la tarumbeta la vijana. Akavaa koti lake la Ujerumani na kuondoka asubuhi. Mama alikwenda sokoni na furu wake. Nikabaki mimi nyumbani, sikwenda shule kwa sababu ya homa.

Wakaja watu watatu wenye orodha. Hawakuwa wakali. Mmoja alinisalimia vizuri, akauliza mkubwa yuko wapi, kisha akaniambia wanaandika mali ya kiwanda iliyoko kwenye nyumba, ili mwenyewe mpya akija ajue anaanza na nini.

"Akianza atawaita watu?" nikauliza.

"Atawaita. Kila kitu na mtu wake."

Macho yake yalikuwa yameshafika kwenye kona. "Na ile?"

Nakumbuka kila kitu cha dakika ile. Nakumbuka nzi kwenye kikombe cha uji. Nilikuwa na miaka kumi, na nilifikiri haraka kama sikuwahi kufikiri kwenye hesabu. Kama tuba ni ya baba, itakaa hapa na baba atakaa hapa nayo. Lakini kama ni ya kiwanda, mwenyewe mpya ataikuta kwenye orodha, atauliza nani anajua kuipiga hii yenye vitufe sita, na hakuna mtu mwingine mkoa mzima wa Mara. Itabidi wamwite. Atakuwa wa kwanza kuitwa.

"Ni ya kiwanda," nikasema. Nikawaonyesha mahali. "Ina namba, hapa chini."

Yule bwana aliinama, akasoma, akaandika. Wakaibeba wawili. Niliwafungulia mlango.

Baba alirudi jioni, na kabla hajakaa alikuwa anacheka. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo kabla wala baadaye. Alimwambia mama kwamba wale wa Bunda wamekubali. Vijana kumi na wawili, chumba cha kuishi, na shamba kidogo la mama kulima. "Wanasema wao hawana chombo hata kimoja cha chini, nije na changu tuanze nacho, vingine vitafuata." Alisema hayo huku akigeuka kuelekea kona, na alinyoosha mkono kabla hajaona kwamba mkeka ni mtupu.

Mama hakujua kitu, alikuwa ameingia muda si mrefu kabla yake na kwenda moja kwa moja kwenye moto. Mimi nikaeleza yote. Nilieleza mpaka namba.

"Kwa nini ulisema ni ya kiwanda?" baba aliuliza.

"Nilitaka wakuite."

Mama aliinua mkono wa kunipiga, baba akaushika. Alikaa kwenye kigoda chake.

"Muache," alimwambia mama. "Hata mimi ningesema hivyo."

Kwa miaka mingi niliyabeba maneno hayo kama msamaha. Nilipokuwa mtu mzima, nina kazi yangu na hofu zangu za kupoteza kazi, ndipo nilipoyasikia sawasawa. Alikuwa ananiambia kwamba miezi yote ile, akiwa amekaa kimya pale uani, naye alikuwa anaamini kwamba wataita.

Kesho yake alikwenda ofisini. Walimwambia alete karatasi inayoonyesha kwamba tuba ni yake. Hakuwa nayo. Mtu wa usafiri alikuwa amehama, na mkuu wa bendi alisema hakumbuki. Wale wa Bunda walingoja wiki mbili, kisha wakapata mtu mwingine mwenye tarumbeta yake. Baba alikaa mezani akamwandikia Mwalimu Helmut kwa Kijerumani, akimwomba barua yenye muhuri wa chuo kwamba chombo kile kilitolewa zawadi. Alitumia anwani ya sanduku la kanisa letu.

Vyombo vyote vya bendi vilifungiwa kwenye stoo ya zamani ya mbegu. Mlinzi wake alikuwa Mzee Magesa, ambaye kwenye bendi alikuwa anapiga koneti, ile tarumbeta fupi. Jumapili baada ya ibada tulipita pale mimi na baba, tukasimama kwenye dirisha la wavu. Tuba ilikuwa kwenye rundo, ngoma imeikalia. Tulikwenda Jumapili nyingi. Baba aliangalia tu, mkono mmoja mfukoni ambako siku zote aliweka mdomo wa kupulizia, ule mdogo unaochomoka. Wale watu hawakujua kwamba chombo kina kipande kingine.

Jumapili moja Mzee Magesa alifungua mlango.

"Ingieni," alisema. "Siwezi kukuona unasimamaga hapo kama mtu wa kuomba."

Baba aliiondoa ngoma, akaipangusa tuba kwa mkono wa shati, akakaa juu ya gunia. Panya walikuwa wamekula nyuzi za nailoni zote. Vitufe vilishuka bila kuvuta kitu, na vali ndani zilikuwa zimeshikana. Alichukua mdomo kutoka mfukoni, akaupachika, akavuta pumzi. Ilitoka sauti moja ndefu, ile isiyohitaji kubonyeza. Ilijaza stoo mpaka mabati yakatetemeka kidogo. Akaipiga tena. Hakuwa na nyingine.

Mzee Magesa alitoka akatazama pande zote, akarudi. "Ichukue," alisema kwa sauti ya chini. "Ipitishe dirisha la kule nyuma. Nitasema wezi walivunja."

"Watakufunga, Magesa."

"Wakinifunga ni mimi."

"Una watoto wanne." Baba alikuwa bado ameikumbatia. "Na nikiipitisha dirishani, nitaipigia wapi? Nitakuwa nakificha kitu changu mwenyewe mpaka nife."

Alichomoa mdomo wa kupulizia, akairudisha tuba, lakini safari hii aliiweka pembeni ya rundo, imesimama wima, isikaliwe na kitu. Alimshika Mzee Magesa mkono kwa mikono miwili. Tulipotoka nilimwangalia usoni nikitegemea machozi. Hayakuwapo, na nilimchukia kwa hilo, kwa sababu ningekuwa mimi ningeibeba na kukimbia mpaka ziwani.

Kabla mvua za vuli hazijafika, lori likaja likabeba kila kilichokuwemo kwenye stoo. Wengine walisema vyuma vimevushwa mpakani, wengine walisema Mwanza. Mzee Magesa alituletea habari mwenyewe, akasimama mlangoni na kofia mkononi, na hakukubali kukaa. Mwenyewe mpya wa kiwanda hakumwita mtu yeyote. Nyumba zikatakiwa, tukafunga vitu tukahamia Kiriba.

Baba hakuwa mvuvi. Aliondoka kijijini akiwa mdogo mno kujifunza, na sasa alikuwa mkubwa mno. Ndugu zake walimpa kazi ya kutengeneza nyavu, wakimheshimu, wakizungumza Kijita haraka haraka mpaka akashindwa kufuata utani wao. Mwili wake ulipungua. Ile harufu ya shaba ilimtoka ndani ya wiki chache, akaanza kunuka kama baba za watu wengine, na mimi ambaye niliwahi kutamani hivyo sikuweza kumsogelea.

Barua ilifika tulipokuwa tumeshakaa mwaka na zaidi. Mwinjilisti aliileta kwa baiskeli kutoka Musoma, bahasha nyembamba yenye stempu ya nchi ambayo jina lake lilikuwa limebadilika. Baba aliifungua kwa wembe. Alisoma mwenyewe kwanza, kisha mama akamwambia asome kwa sauti, akaanza kututafsiria polepole, akisimama kutafuta maneno.

Mwalimu Helmut aliomba radhi kwa kuchelewa. Alisema chuo kilichomsomesha baba kimeunganishwa na kingine, ofisi ya zamani imefungwa na makaratasi yako kwenye masanduku ambayo hakuna anayejua yako wapi, hivyo hawezi kupata muhuri. Alisema tangu Ujerumani mbili ziwe moja okestra nyingi za upande wao zimevunjwa, na ya kwake ni mojawapo. Walipiga mara ya mwisho wakaambiwa waache makabati wazi. Yeye ana miaka hamsini na sita na hakuna anayechukua mpiga tuba wa miaka hiyo. Hapo baba aliishusha barua magotini.

"Endelea," mama alisema.

"Anauliza," baba alisema, "kama huku kwetu kuna kazi ya mpiga tuba. Anasema hahitaji kikubwa. Anasema anaweza kufundisha watoto."

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akafunika uso kwa kanga na mabega yakaendelea kutikisika kwa namna nyingine. Baba aliikunja barua kwa mikunjo yake ile ile ya mwanzo.

Alichukua siku nne kuijibu. Aliomba karatasi mbili kutoka daftari langu, akaandika, akachana, akaandika tena. Mama alimwambia amwandikie ukweli, mtu mzima asidanganywe. Siku ya tano asubuhi tukaondoka mimi na yeye kwa miguu kwenda Murangi, ambako kulikuwa na karani aliyepokea barua za posta. Tulitembea muda mrefu, ziwa likiwa upande wetu, yeye mbele mimi nyuma. Karibu na Murangi nikapata ujasiri.

"Baba, umemwambia nini?"

Hakugeuka. "Nimemwambia muhuri asiuhangaikie tena. Tuba nilirudishiwa."

Nikangoja.

"Nimemwambia bendi ipo, tunapigaga kila Jumamosi na watu wanajaa. Ila nafasi ya tuba ni moja, na ninayo mimi." Alitembea hatua chache. "Nimemwambia samahani."

Tulipofika karani alikuwa ameenda kula. Tukakaa kwenye kizingiti cha ofisi kumngoja, barua iko mkononi mwa baba.